Kichwa Kinatosha

— Mwalimu, nipe jina la sonata nifunge hii kazi.

— Nipe mpaka kesho.

— Kesho ulinipa juzi. Mchapaji ananisubiri. Nina karatasi ya programu hapa mbele yangu. Kipande cha kwanza kipo, cha mwisho kipo. Katikati pameandikwa "Sonata", halafu nukta nukta nukta. Niwachapishie watu nukta?

— Weka ile fupi.

Bwana Ukumbi alinyamaza. Huyu ndiye anayeendesha ukumbi wa maonyesho, na si mtu wa kunyamaza hata akiwa anakunywa maji.

— Ile ile?

— Ina ubaya gani?

— Haina ubaya. Ila mwaka jana uliipiga. Mwaka juzi uliipiga. Mwaka ule mwingine uliipiga paa linavuja. Kuna mzee anakaa safu ya tatu, siku hizi anaipiga pamoja nawe kwa vidole kwenye goti lake.

— Basi anaipenda.

— Anaijua, Mwalimu. Kupenda ni kitu kingine. Nakupa mpaka kesho kutwa saa sita mchana. Ikipita hapo nachapa nukta, haki ya Mungu.

Akakata simu.

Mimi ni mwalimu wa piano, nina miaka arobaini na mitatu, naishi ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Wanafunzi wanaanza kuingia saa tisa, wa mwisho anatoka saa kumi na mbili kasorobo. Mlango ukishafungwa nyuma yake, sauti ya binadamu haisikiki tena ndani mwangu mpaka kesho yake, labda nijisemeshe mwenyewe. Najisemesha. Nimewahi kugombana na metronomu, ile saa ya kuhesabia mapigo ya muziki. Nina vikombe sita, na kimoja tu ndicho kilichopauka kwa kuoshwa. Chakula nakula nimesimama jikoni, kwa sababu mezani kuna viti vinne na sipendi kuvitazama.

Vitabu viwili vya noti vilikuwa juu ya piano, ile fupi kushoto, ile ndefu kulia. Zote za mtunzi mmoja. Fupi inachukua dakika kumi na mbili na iko kichwani mwangu yote. Naweza kuipiga huku nawaza sabuni ya kufulia. Ndefu ina kurasa arobaini na mbili, na ndiyo iliyonifanya niitamani kazi hii tangu nikiwa msichana.

Tatizo la ile ndefu ni hili. Sonata ina tabia ya kusema jambo mwanzoni, ikaondoka, ikazurura, kisha ikarudi kulisema tena. Ila ikirudi hailisemi vilevile. Pale ilipokata kushoto mara ya kwanza, mara ya pili inakata kulia, na tofauti ni noti mbili tu. Ukipiga kwa kichwa, bila kitabu, ukakosea hapo, unajikuta umerudi ulikotoka, unazunguka kama mtu aliyepotea kwenye mtaa wa nyumba zinazofanana. Ile fupi ina njia panda moja ya namna hiyo. Ile ndefu ina saba.

Kwa hiyo ile ndefu napiga kitabu kikiwa mbele yangu, na kitabu hakijifunui, maana mikono yote miwili ina kazi. Lazima mtu akae kushoto kwako, nyuma kidogo, asome noti pamoja nawe. Ukiinamisha kichwa, anasimama, anafunua ukurasa, anakaa. Anaitwa mfunua kurasa. Hapigiwi makofi na hakuna anayemtazama. Nilikuwa naye mmoja, na nilimfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulimwita Fundi kwa sababu ndivyo alivyo, fundi wa piano. Anakaza nyuzi, anafufua funguo zilizokufa, na anasoma noti kuliko wapigaji wengi ninaowajua. Asubuhi ya siku ile, miaka sita iliyopita, ukumbi ulikuwa mtupu. Alikuwa amepiga magoti anazungusha vifundo vya kiti changu, maana mimi hupenda kukaa chini kuliko wengine.

— Hapo panatosha?

— Shusha kidogo.

— Hapo?

— Hapo hapo.

— Tuoane?

Nilidhani masikio yangu yana matatizo.

— Umesema nini?

— Nimeuliza kimo, umenijibu. Sasa nauliza na hili.

— Fundi, kichwa changu kimejaa noti! Nitakujibu baada ya onyesho.

— Baada ya noti ya mwisho?

— Baada ya noti ya mwisho.

Akacheka, akapangusa kiti kwa mkono wa shati, tukaendelea na mambo mengine. Jibu nilikuwa nalo. Nililiweka tu, nilifurahie peke yangu siku nzima.

Jioni ile nilipiga ile sonata ndefu vizuri kuliko nilivyowahi kupiga kitu chochote. Tulipofika ukurasa wa thelathini na moja, nikiwa bado na mistari miwili mizima ya kupiga, mkono wake ukapita mbele ya macho yangu na ukurasa ukaenda. Vidole vikakosa pa kwenda. Nikasimamisha muziki. Watu mia mbili wakanisikia nikisema:

— Umelala, au umeamua kunikomoa?

Watu wakacheka. Fundi akafungua mdomo, akatazama kule mbele kwenye mlango wa pembeni, akaufunga.

— Toka. Nitapiga peke yangu.

— Sawa, alisema.

Akashuka jukwaani taratibu, na viatu vyake vililia ngazi zote tatu. Nikafunga kile kitabu nikapiga ile fupi kwa kichwa. Nikapigiwa makofi sana. Tangu siku hiyo ndiyo ninayoipiga, na tangu siku hiyo sijakaa na mtu kushoto kwangu.

Nilimngoja aje aombe radhi. Hakuja. Miezi mitatu baadaye mama yangu alifariki. Fundi nilimwona mazikoni kwa mbali, amesimama nyuma ya watu wote, na nilipogeuka mara ya pili hayupo. Nikasema moyoni, basi, ndivyo mtu anavyokuwa akishapata sababu ya kuondoka.

Saa moja jioni simu ikaita tena. Mdogo wangu. Tunamwita Kasuku, na mkikaa naye dakika tano hamtauliza kwa nini.

— Dada, shikamoo.

— Marahaba. Mbona makelele?

— Napekua droo, natafuta chaja ya simu yangu ile ya zamani. Nataka picha ya mama nikaikuze. Umeshachagua?

— Bado.

— Kwa nini usinunue tableti? Unaweka noti humo, unakanyaga kidude kwa mguu, ukurasa unaenda wenyewe.

— Nilijaribu. Miguu yangu nayo ina pedali za piano za kukanyaga, wa kulia una kazi na wa kushoto una kazi. Siku ya kwanza nilikanyaga kile kidude mara mbili, nikajikuta kwenye wimbo mwingine kabisa.

— Basi mwite mwanafunzi wako mmoja akufunulie.

— Nikikosea atanitazama usoni.

— Kwa hiyo shida si kurasa.

— Shida ni kurasa, Kasuku.

— Haya. Shida ni kurasa. Umekula?

— Nimekula.

— Umekaa?

Sikumjibu hilo. Akacheka kidogo, lakini si kicheko chake cha kawaida, akaniaga.

Kesho yake saa nne asubuhi, ujumbe ukaingia.

"Dada simu imewaka!!! Ona mama anavyoingia ukumbini siku ile. Nilimrekodi kwa siri. Najua ulikataza. Usinigombeze."

Chini yake kulikuwa na video ya dakika moja na sekunde nane.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya mama. Mama hakuwahi kuielewa kazi yangu. Alikuwa akiiita "kugongagonga", na kwa miaka kumi na tano kila nikimwalika alikuwa na nguo za kufua. Siku ile, bila kuniambia, alikuja. Aliingia kwa kuchelewa, kwa mlango wa pembeni. Baadaye kwenye korido alinikumbatia akasema, "Nimechelewa, lakini nimekuja." Ndiyo siku pekee. Nimeishi kwa maneno yale matatu.

Nikabonyeza video.

Mama yule pale, amevaa gauni lake la bluu, mkoba kifuani, mikono yote miwili juu yake, anatafuta pa kusimama. Simu ya Kasuku inatikisika. Pembeni ya picha inaonekana piano, mimi, na nyuma yangu kidogo Fundi. Muziki unakwenda. Kisha nainua macho. Namwona mama. Na kichwa changu kinashuka, taratibu, mpaka chini.

Nikasimamisha video. Nikairudisha.

Nyumbani kwetu mama hakukubali mtu mzima apite bila kusalimiwa. Uwe na chakula mdomoni, uwe unaongea na simu, uwe umepakaa povu la sabuni, mama akiingia unamsalimia. Alikuwa akituambia tangu wadogo, "Mdomo ukishindwa, kichwa kinatosha." Mimi na Kasuku tumeinamisha vichwa vyetu kwa mama maisha yetu yote, bila kujua kama tunainamisha.

Nilikuwa nampa mama shikamoo.

Na kushoto kwangu mtu aliyeniamini, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia kichwa changu na kutii, akasimama akafunua.

Nilipoiangalia mara ya tatu ndipo nikaona na kile kingine. Wakati ukurasa unakwenda na mimi najiandaa kumfokea mtu, mama pale mlangoni midomo yake inacheza. Anasema, "Marahaba."

Nililia, jamani. Nililia nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha piano, na sikujua namlilia nani kwanza. Mama, ambaye nilikuwa nimemsalimia nisijue, akaniitikia nisisikie. Au Fundi. Au mimi mjinga, na vikombe vyangu vitano vipya.

Nikampigia Kasuku.

— Umeona mama alivyopendeza?

— Nimeona kichwa changu.

— Kichwa gani?

— Iangalie tena. Usimwangalie mama. Niangalie mimi.

Nikamsubiri. Nilisikia muziki wangu mwenyewe unapita kwenye simu yake, halafu kimya, halafu ile sauti yangu ya "Umelala?", na ilikuwa mbaya kuliko nilivyoikumbuka.

— Dada, alisema. — Dada, ulimsalimia mama.

— Ndiyo.

— Halafu ukamfukuza yule mtu.

— Ndiyo, Kasuku.

Mchana nikampigia Bwana Ukumbi. Akadhani nampa jina.

— Sijachagua bado. Nataka kuuliza, piano yenu huwa anairekebisha nani?

— Kwa nini? Ina kasoro?

— Haina.

Akakohoa.

— Aliniomba nisikutajie. Lakini umeuliza mwenyewe. Ni Fundi. Miaka yote ni yeye, siku moja kabla yako. Mwalimu, ulidhani kile kiti kinashuka chenyewe?

Miaka sita nafika ukumbini, nakaa, nakuta kiti kiko kwenye kimo changu hasa, na kila mara nasema, leo nina bahati.

— Atakuja lini?

— Kesho asubuhi. Na kesho saa sita, tafadhali, jina.

Nilifika ukumbini saa tano. Sauti moja ilikuwa inatoka ndani, ufunguo mmoja unapigwa, unapigwa, unapigwa, ukipanda kidogo kidogo. Fundi alikuwa ameinamia tumbo la piano, mkono mmoja kwenye ufunguo wa kukazia nyuzi. Nywele za pembeni zimeingia mvi. Nikasimama karibu na mlango wa pembeni.

— Subiri, alisema bila kugeuka. — Uzi huu ukiuacha nusu unarudi ulikokuwa.

Nikasubiri. Nilipojitazama nikakuta nimeshika mkoba kifuani kwa mikono miwili, nikaushusha.

Alipomaliza akageuka. Hakushtuka. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

— Onyesho ni Jumapili, alisema. — Umekuja mapema.

— Nimeona video. Kasuku alirekodi.

— Aha.

— Nilikuwa namsalimia mama.

— Najua.

— Ulijua saa ile ile?

— Saa ile niliona kichwa tu. Kichwa chako kikishuka mimi nafunua, sijadili. Ukurasa ulipokwisha kwenda ndipo nikainua macho, nikamwona mzazi amesimama pale ulipo, mkoba kifuani. Nikaelewa.

— Kwa nini hukusema?

— Hukuuliza.

— Nilikuuliza kama umelala!

— Lile lilikuwa swali?

Nikapanda jukwaani, nikasimama upande wa pili wa piano.

— Ungeniambia baada ya onyesho, nilisema. — Kwenye korido.

— Nilikungojea kwenye korido. Ukatoka, na mama yako yuko hatua mbili nyuma yako, machozi yanamtoka, anasema nimechelewa lakini nimekuja. Nikuambie mbele yake kwamba kuja kwake ndiko kulikoharibu? Mtu amekuja mara ya kwanza.

— Na kesho yake? Na wiki iliyofuata?

— Hapo sasa usinifanye malaika. Hapo nilikuwa na hasira. Nilisema, akipiga simu namwambia. Nililala na simu tumboni wiki tatu. Hukupiga. Nilikuwa na swali langu kwako, nikadhani "toka" ndilo jibu. Halafu mama akafariki. Nilikuja mazikoni nimejiandaa kusema. Nikakuona ulivyokuwa umemshika Kasuku. Kitu pekee ulichokuwa nacho cha mama kwenye kazi yako ni ile siku. Nikuharibie na hiyo? Bora unichukie mimi. Mimi nipo hai, naweza kuvumilia.

— Ulivumilia?

Akakunja kitambaa. Akakikunjua.

— Hapana. Si vizuri sana.

Alivyosema vile, kwa sauti ile ndogo, nilitamani anitukane.

— Nisamehe, Fundi. Nilikuaibisha mbele ya watu mia mbili kwa kosa langu.

— Nimekusikia.

— Ulipata mtu mwingine?

— Nilijaribu. Dada mmoja mzuri tu. Aliniacha. Aliniambia nikiongea naye namtazama kichwani badala ya machoni, kama ninayengoja kitu.

Nilicheka bila kutaka, na yeye kidogo. Kisha nikaharibu.

— Jumapili nataka kupiga ile ndefu. Nahitaji mfunua kurasa.

Uso wake ukajifunga palepale.

— Ndiyo maana umekuja.

— Si hivyo.

— Mwalimu, mimi si pedali. Siwezi kukaa kando yako saa nzima, nihesabu pumzi zako, halafu wewe uiname kwa watu na mimi nibebe mfuko wangu nirudi kwangu. Kushusha kiti naweza. Hilo siwezi. Usinichague kwa sababu ya kurasa.

Saa ya ukutani ilisema sita kasoro dakika nane. Nikatoa simu, nikaandika mbele yake, nikamgeuzia kioo asome huku natuma.

"Bwana Ukumbi, andika ile ndefu."

Jibu lilikuja kabla sijaishusha.

"ILE NDEFU??? Nani anafunua?"

"Sijui. Andika."

Fundi aliinua macho.

— Hujui?

— Hujakubali.

— Na nikikataa?

— Nitafunua mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nitaangusha kitabu, na yule mzee wa safu ya tatu atapata la kuhadithia. Lakini ile fupi siipigi tena. Niliianza siku niliyokufukuza, na kila nikiipiga nakufukuza upya. Nimechoka, Fundi. Nimechoka kupiga vitu ninavyoviweza peke yangu.

Simu ikalia mkononi. "IMEENDA KWA MCHAPAJI. Mungu akusaidie."

Fundi alifunga tumbo la piano. Akafungua mfuko wake, akaingiza vifaa vyake, akaufunga. Nikajua anaondoka, nikaanza kutafuta uso wa kuvaa. Akauweka mfuko chini ya piano.

— Kitabu kiko wapi?

Nikakitoa kwenye mkoba. Alifunua mwenyewe mpaka ukurasa wa thelathini na moja. Pembeni kabisa, juu ya ile mistari miwili ya mwisho, kulikuwa na miwani ndogo imechorwa kwa penseli. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Kila mahali pa hatari alinichorea miwani, yaani fungua macho.

— Bado ipo.

— Nilijaribu kuifuta. Kifutio kilikataa.

— Kifutio?

— Sawa. Mimi.

Nikakaa kwenye piano. Fundi akavuta kiti, akakaa kushoto kwangu, nyuma kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu akikaa pale, upande ule wa mwili unapata joto.

— Alama ni ile ile? aliuliza.

— Ile ile.

— Basi usimsalimie mtu.

— Sina tena wa kumsalimia, Fundi.

Alirudi ukurasa wa kwanza, akaunyoosha kwa kiganja, ingawa ulikuwa umenyooka.

— Na lile swali lako, nilisema nikitazama funguo. — Nilisema baada ya noti ya mwisho.

— Ya onyesho lile. Lilikwisha.

— Halikwisha. Noti ya mwisho ya sonata ile haijapigwa mpaka leo.

— Anza, Mwalimu, alisema. — Anza tuone kama unaikumbuka.

Jumapili saa kumi ukumbi ulijaa. Kasuku alikaa mbele, na picha ya mama aliyoikuza iko mapajani, imefungwa kwa karatasi. Zamu ya sonata ilipofika, nilipopanda jukwaani na Fundi nyuma yangu, sikukaa. Niligeukia watu.

— Miaka sita iliyopita, hapa hapa, nilimfokea mtu huyu mbele yenu. Mlicheka. Nilisema amelala. Hakuwa amelala. Mimi niliinamisha kichwa mahali pasipostahili, yeye akafanya kazi yake. Kosa lilikuwa langu, na nimechelewa kusema.

— Mimi nilikuwepo! alisema yule mzee wa safu ya tatu. — Nilijua!

— Ulijua nini, mzee? Bwana Ukumbi alimfokea kutoka mlangoni. — Kaa, asije akapiga ile fupi!

Watu wakacheka, na safari hii Fundi naye alicheka. Nikakaa. Kiti kilikuwa kwenye kimo changu.

Sitawasimulia kurasa thelathini za kwanza, maana sizikumbuki. Nakumbuka mkono wake tu, unakuja, unaondoka. Njia panda ya kwanza tukapita, ya pili tukapita, muziki ukaenda zake na kurudi. Kisha ile miwani ya penseli ikanitazama.

Nikainua macho kwenye mlango wa pembeni. Nilijua hakuna mtu. Macho hayakujali nilichojua. Mlango ulikuwa umefungwa, na mbele yake pale mama aliposimama kulikuwa na sakafu tu, imepigwa deki, inang'aa. Shingo yangu ilitaka kushuka. Ilitaka vibaya mno. Vidole vikaendelea peke yao.

Mistari miwili. Fundi hakusogea. Mstari mmoja. Nilimsikia anapumua, na nikajua bila kugeuka kwamba na yeye anatazama mlango ule ule. Noti tatu. Nikainamisha kichwa. Ukurasa ukaenda, mahali pake, wakati wake.

Kurasa kumi na moja zilizobaki nilizipiga huku machozi yananidondokea kwenye mikono, na funguo zikaanza kuteleza, lakini sikukosa hata moja. Nikafika noti ya mwisho. Ni ya chini kabisa, ya mkono wa kushoto, na lazima uishike mpaka ife yenyewe. Niliishika. Watu walisubiri. Ilikufa taratibu, mpaka pakabaki kimya kile kile ninachokijua cha nyumbani kwangu mlango ukishafungwa. Ila safari hii kulikuwa na mtu anapumua kushoto kwangu.

Nikamgeukia. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na sentensi nzuri, nimeifanyia mazoezi na metronomu. Haikutoka. Mdomo ulifunguka ukabaki hivyo hivyo.

Nikainamisha kichwa, taratibu, mpaka chini.

Fundi, kwa mazoea, akasimama. Mkono wake ukaenda kwenye kitabu, ukapapasa, ukakuta jalada gumu.

— Kurasa zimeisha, alininong'oneza.

— Najua.

Akabaki mkono hewani, ananitazama. Safari hii hakutazama kichwa, alitazama macho. Nikainamisha tena, asije akasema hakuelewa.

Makofi yakaanza. Watu wakasimama, Kasuku analia kwa sauti, Bwana Ukumbi ananiashiria niinuke niiname kwa watu. Fundi ndiye aliyekaa. Alikaa kwenye kile kiti chake cha nyuma, ameshika jalada kwa mikono miwili, na ilibidi mimi nisimame nimngojee.